Baiskeli ya umeme: anza na soketi, rangi baadae

Swali la wiki hii lilikua hivi: mtu anataka baiskeli ya umeme nyepesi, maridadi, ya kwendea kazini mjini kila siku, je aanze kuangalia kitu gani, betri, uzito au muonekano? Najua wengi watasema betri, na mimi miaka michache iliyopita ningesema hivyohivyo. Sasa hivi jibu langu ni aanze na soketi. Yaani kabla hajafungua picha hata moja ya baiskeli, aangalie pale anapokaa, soketi ya kuchajia iko wapi na baiskeli yenyewe italala wapi. Kama viko sehemu moja basi huyo ana bahati, achague anayoipenda. Kama kimoja kiko chini na kingine kiko juu hapo ndo pana kazi, na hiyo kazi ataifanya mara mbili kwa siku mpaka aiuze.

Nasema hivi kwa sababu nimenunua mbili. Ya kwanza niliangalia kilomita tu, nikaona imeandikwa inaenda mbali sana kwa chaji moja nikasema hii ndo yenyewe, ina betri kubwa, ina kilo 24, mimi nakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Muuzaji akaniambia usiogope betri inachomoka, utapanda na betri tu baiskeli ibaki chini, na ni kweli inachomoka, sema chini kwetu hakuna pa kuifungia pa maana. Wiki ya pili nikakuta siti haipo. Siti tu, wameacha bomba limesimama kama mswaki. Kuanzia siku hiyo nikawa naipandisha nzima, ngazi 68, nimezihesabu maana ukiwa umebeba kilo 24 huna kingine cha kufikiria.

Kitu watu hawakuambii ni kwamba uzito wa baiskeli ya umeme huusikii ukiwa unaendesha. Mota inakusukuma, kilo 24 au kilo 15 barabara ikiwa tambarare unaona sawa tu. Uzito unakuja mota ikizimika, kwenye ngazi, kwenye kuiingiza kwenye treni, kwenye kuigeuza koridoni bila kuchubua ukuta wa jirani, na siku ile betri imekata ukiwa umebakiza kilomita 5. Halafu kuna ile ya spidi. Ulaya mota inatakiwa iache kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa na nguvu yake isizidi wati 250, kwa hiyo ukitaka kwenda zaidi ya hapo unakanyaga mwenyewe na lile gogo lako. Nyepesi hapo inaendelea kwenda kama baiskeli ya kawaida, nzito inakua kama umefunga breki kidogo. Marekani majimbo mengi yana madaraja matatu, mawili yanakatia kilomita 32 kwa saa na la tatu 45, kwa hiyo kabla hujalinganisha spidi jua sheria ya unapoendeshea inasemaje, maana baiskeli ileile inaweza kuuzwa sehemu mbili na tabia mbili tofauti.

Kwa hiyo ukienda dukani, kila mtu anaomba aiendeshe, zungusha pale nje, oo inavuta, tamu kweli. Sawa, iendeshe. Ila kabla hujalipa ibebe. Vaa begi lako la kazini lenye laptopu, ishike baiskeli kwa mkono mmoja, inyanyue kama unapanda ngazi na ukae nayo hivyo dakika nzima. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie. Utagundua pia ambayo mota yake iko kwenye habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) inavuta upande wa nyuma, unatafuta pa kuishika isilale na hupapati kirahisi, wakati yenye mota katikati kwenye pedeli inatulia mkononi hata kama kilo ni zilezile. Na namba ya uzito kwenye tangazo usiiamini kabisa kabisa, mara nyingi wanapima ya saizi ndogo, bila pedeli, bila madigadi, bila keria, bila stendi, bila taa. Ukishafunga vyote hivyo, na kwa mtu wa kazini unavihitaji (madigadi usijaribu kukwepa, siku moja ya mvua mgongo wako utakua na mstari wa tope kama kicheche), umeshaongeza kilo mbili hivi. Mnyororo wa kufungia nao, kufuli ya maana ina zaidi ya kilo. Mimi kwa mtu wa ngazi naona kilo 16 ikiwa imekamilika ndo mwisho, ikizidi hapo utaanza kutafuta visingizio vya kupanda basi.

Sasa kwenye umaridadi. Zile baiskeli ambazo ukiziona hujui kama ni za umeme, fremu nyembamba, waya hazionekani, habu ya nyuma imevimba kidogo tu, uzuri wao umetoka wapi? Betri imefichwa ndani ya bomba la chini la fremu na ni ndogo. Na nyingi za namna hiyo betri haichomoki mpaka fundi afungue, tundu la chaji liko kwenye fremu. Umeona hapo? Ukipenda ile nzuri umekubali baiskeli nzima iifuate soketi. Ile yenye betri nene ya kuchomoa, ambayo watu wanasema mbaya, betri yake ina kilo mbili na nusu mpaka tatu unusu hivi, unaitia kwenye begi unapanda nayo na kuichaji hata mezani kazini, baiskeli inabaki chini. Hivyo mwenye pa kuegesha salama chini lakini soketi hakuna, kwake ile mnene ndo nzuri, asidanganywe na picha. Mwenye chumba tu na ngazi anahitaji nyembamba nyepesi. Kuna na njia ya katikati, ya kukunja, mfano Brompton ya umeme betri yake inakaa kwenye kibegi cha mbele, unakitoa unavaa begani, mkono mwingine umeshika baiskeli iliyokunjwa, mzigo umegawanyika. Jumla ya kilo bado ipo ila mwili unaona nafuu. Matairi yake madogo ya inchi 16 kwenye shimo utayasikia mpaka menoni lakini hilo ni la kuchagua mwenyewe.

Betri ndogo ndo inawatisha watu, tupige hesabu basi. Betri inapimwa kwa wati-saa, unachukua volti unazidisha na ampea-saa, betri ya volti 36 na ampea-saa 7 inakupa 252. Hiyo ni ndogo kweli ukilinganisha na zile za 500 au 700. Baiskeli nyepesi, mtu wa uzito wa kawaida, msaada wa katikati, inakula kama wati-saa 8 mpaka 10 kwa kilomita, basi mpya inakupeleka kilomita 25 na kitu. Lakini usipige hesabu na betri mpya. Betri za lithiamu zinapungua ujazo jinsi unavyochaji miaka ikienda, baridi nayo inapunguza, upepo wa mbele unakula, mlima ndo usiseme. Mimi nachukua asilimia 70 tu ya kilichoandikwa, hapo inakua wati-saa 176, gawanya kwa 9, kilomita 19 na ushee. Kazini kwangu ni kilomita 9 kwenda na 9 kurudi. Inatosha na inabaki ya kufika mlangoni, na kuichaji ni masaa matatu manne usiku wakati nimelala. Sasa kwa nini nilikua nabeba betri ya kilomita 90 kwenye ngazi kila jioni kwa safari ya kilomita 18? Huwa najiuliza mpaka leo. Kila wati-saa usiyotumia unaibeba bure.

Ila kama kwako ni milima, simamisha hayo yote. Mota ndogo ya habu ina nguvu ya kusokota ya Nm (nyutoni-mita) 40 hivi, zile kubwa za katikati kama Bosch za milimani zinafika Nm 85 na zaidi, na za katikati zinapitia kwenye gia zako kwa hiyo ukiweka gia nyepesi mota nayo inapata unafuu. Ya habu haijui gia, mlima mkali mrefu inachemka na kunguruma na wewe unatoka jasho, na lengo lilikua ufike ofisini shati kavu. Zile baiskeli za gia moja tu ambazo zinapendeza sana kwenye picha ziache kwa mji tambarare.

Kingine uulize sensa, yaani kile kihisio kinachoiambia mota lini isaidie. Muulize muuzaji sensa inapima nini, akisema inapima kama pedeli zinazunguka, hiyo ni ile ya ndio au hapana, ukizungusha tu mota inakuja yote, ukiacha inachelewa kukata, kwenye foleni ya magari taa ikiwaka kijani inaruka kama punda aliyechapwa. Akisema inapima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, chukua hiyo, ukikanyaga kidogo inasaidia kidogo, ukikaza nayo inakaza. Hii habari si mpya, Yamaha walitoa baiskeli ya namna hiyo Japani mwaka 1993, na bado mpaka leo kuna zinazouzwa bila hiyo kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Kwenye baiskeli nyepesi ndo inahitajika zaidi maana betri ni ndogo, hutaki mota inayomwaga umeme hovyo wakati wewe hata hukanyagi.

Halafu apu. Hapa nina hasira kidogo. Baiskeli yangu ya pili, hii nyepesi ya kilo 15 niliyonayo, kampuni sitaitaja, kubadilisha kiwango cha msaada mpaka ufungue simu. Siku simu imezima chaji nimeendesha kwenye kiwango cha mwisho nilichoacha, ambacho kilikua sifuri kwa sababu nilikua nafanya mazoezi, nikafika kazini nimelowa. Lakini hiyo ni ndogo. Mwaka 2023 mwezi wa 7, VanMoof ya Uholanzi, waliokua wanasifika kwa baiskeli nzuri kabisa za mjini, walitangazwa kufilisika, na baiskeli zao funguo yake ni ya kidijitali kwenye apu. Watu wakaingiwa na hofu kwamba seva zikizimwa wamebaki na mapambo. Washindani wao Cowboy wakatoa apu haraka ya kuwasaidia wenye VanMoof kuhifadhi funguo zao, na baadae mwaka huohuo VanMoof ikanunuliwa, lakini funzo la spea likabaki palepale maana vifaa vyao vingi vilikua vya kwao peke yao, fundi wa kawaida hana. Kwa hiyo uliza: bila simu inawaka? Ina kitufe? Breki zake, tairi zake, cheni yake ni za kawaida fundi yeyote anazo? Mota ni ya mtengenezaji anayeuzia kampuni nyingi, kama Bosch au Mahle, au ni yao wenyewe tu? Uzuri wa kipekee kwenye vifaa ni uzuri utakaoulipia siku ya kuharibika.

Mkanda badala ya cheni, kama bei inaruhusu, chukua. Hauhitaji oili, suruali haichafuki, unadumu kuliko cheni. Gurudumu la nyuma lenye mota ya habu jifunze kulitoa mapema kabla ya pancha, kuna waya wa kuchomoa na nati za spana, usingoje usiku wa mvua.

Na kuhusu moto, kwa sababu betri italala ndani na wewe: nunua betri yenye alama ya kupimwa, tumia chaja yake mwenyewe, usiichajie mlangoni pa kutokea. New York walitunga sheria mwaka 2023 baiskeli za umeme zinazouzwa ziwe zimepimwa kwa UL 2849 (kiwango cha usalama wa mfumo wa umeme wa baiskeli), na London tangu mwisho wa Machi 2025 za umeme zisizokunjika haziruhusiwi kwenye treni za chini ya ardhi. Kama safari yako ina kipande cha treni angalia hilo kwanza kabla hata ya soketi, hapo naweza kujirekebisha.

Rangi, maana swali lilitaka umaridadi: mimi nilichukua nyeusi isiyong'aa. Ilichubuka wiki ya kwanza kwenye chuma cha ngazi, ghorofa ya tatu palepale ninapobadilishaga mkono. Nimebandika plasta ya uwazi, haionekani usipoinama.