Wakala haoni msimbo wako

Kama ndiyo kwanza unaanza kuunda zana (yaani fanksheni za programu) za mawakala wa akili mnemba, shika hili kabla ya mengine: modeli, yaani akili inayomwongoza wakala, haisomi msimbo wako. Inachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inapokea na aina zake, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa JSON, muundo wa maandishi wa kupanga data. Basi. Yote unayoyajua kuhusu fanksheni yako, wakala hayajui mpaka uyaandike.

Ndiyo maana maelezo kama "Hutafuta oda" hayamsaidii. Tuseme zana inaitwa tafuta_oda. Inatafuta kwa kutumia nini: namba ya oda, jina la mteja au barua pepe? Ukiipa nusu ya jina, itakubali? Na kama inarudisha oda 20 za mwanzo tu, wakala atajuaje kwamba ziko nyingine? Hili la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa kuwa kosa lake ni la kimyakimya. Mtumiaji anauliza mteja fulani ameagiza mara ngapi, zana inaleta 20, na wakala anajibu "mara 20" kwa kujiamini kabisa. Ukipekua kumbukumbu za mfumo hukuti hitilafu hata moja.

Mimi ningeandika hivi: "Hutafuta oda za mteja mmoja kwa namba ya mteja. Haitafuti kwa jina. Ukiwa na jina tu, anza na tafuta_mteja. Hurudisha oda zisizozidi 20, mpya zikitangulia. Zikiwepo zaidi, jibu huwa na ukurasa_unaofuata, ambao utautuma katika wito wa pili (utakapoiita zana tena). Oda zilizohamishiwa kwenye hifadhi ya zamani hazimo, kwa hiyo jibu tupu si ushahidi kwamba mteja hajawahi kuagiza."

Ni sentensi chache, na nyingi zinataja mipaka. Ukibanwa na nafasi, punguza sifa za zana, ubakize mipaka. Nafasi yenyewe ina gharama, maana maelezo ya kila zana uliyomkabidhi wakala huingia kwenye muktadha wake (maandishi yote anayosoma kabla ya kujibu) na kula tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo modeli huvihesabu, hata siku ambayo zana hiyo haikuguswa.

Zana mbili zinazofanana ni balaa jingine. Ukiwa na tafuta_mteja na pata_taarifa_za_mteja, kila moja ieleze lini itumike yenyewe na lini iachiwe mwenzake. Ukishindwa kuandika tofauti hiyo kwa sentensi moja, huenda hukuhitaji zana mbili. Ziunganishe.

Vigezo navyo vina maneno yake. Usiite kigezo "mteja" ikiwa unachotaka ni namba, kiite mteja_id. Tarehe itajiwe muundo, kwa mfano 2025-04-03, kwa sababu 03/04/2025 kuna wanaoisoma Aprili na kuna wanaoisoma Machi. Kiasi kitajiwe kipimo. Thamani zikiwa chache na zinajulikana, ziorodheshe kwenye skima badala ya kumwachia wakala abuni neno.

Zana inayobadilisha kitu, kama kufuta, kulipa au kutuma ujumbe, iseme wazi kama tendo lake linaweza kurudishwa nyuma. Lakini usidhani kuandika "omba idhini kwanza" kunatosha. Maelezo ni ushauri kwa modeli. Kizuizi cha kweli kiwekwe kwenye msimbo.

Ujumbe wa hitilafu nao uuhesabu kuwa sehemu ya maelezo, kwa sababu wakala huusoma na kuamua afanye nini baadaye. "Hitilafu 400" humfanya arudie kosa lilelile. "tarehe_mwisho iko kabla ya tarehe_mwanzo" humwezesha kujirekebisha.

Utakutana pia na kishawishi cha kupiga kelele: LAZIMA, DAIMA, KAMWE, kwa herufi kubwa. Wakala akiipuuza zana, watu huongeza LAZIMA. Kesho yake anaiita hata mtu akimsalimia. Eleza sababu ya sharti, herufi ndogo zitatosha.

Kujua kama maelezo yako yanafaa, usiyasome wewe uliyeyaandika, maana akili yako itajaza mapengo. Mpe mwenzako ambaye hajauona msimbo, umuulize angetuma nini. Kisha andaa maswali ya majaribio, yakiwemo yale ambayo zana haikupaswa kuitwa kabisa. Haya wengi huyasahau. Pitia mazungumzo kamili ya wakala, wito kwa wito, si jibu la mwisho peke yake, kwa sababu jibu linaweza kuwa sahihi ilhali njia ilikuwa ya kubahatisha. Badilisha sentensi moja, rudia maswali yaleyale, linganisha. Ukibadilisha tano kwa mpigo hutajua ipi iliyosaidia.