Sophomore: mjinga hayumo

Swali: Niko chuo kikuu hapa Nairobi, naandika insha ya isimu kuhusu maneno ambatani ya Kiingereza, yaani yaliyounganishwa kutoka maneno mawili. Nimesoma kwamba sophomore, jina la Wamarekani kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ni Kigiriki: sophos, mwenye hekima, na moros, mjinga. Nilitumie kama mfano?

Jibu: Liondoe. Hilo si neno ambatani.

Lilianza kwa wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, katika karne ya 17, kisha likavuka hadi vyuo vya Marekani. Umbo lake la awali ni sophumer. Sophume ni tahajia ya kale ya sophism, hoja ya kufanyia mazoezi ya mjadala, na -er ni kiambishi cha mtenda. Kwa hiyo ni mnyambuliko, yaani shina lililoongezwa kiambishi: mtu wa mazoezi ya hoja. Mwaka 1688 lilichapishwa kama Sophy Moores. Sophos yumo kwa mbali, kupitia sophism. Wanaoleta moros huikwapua m ya shina na r ya kiambishi, wakazishona pamoja zikawa mjinga.

Ni sawa na kudai kitabu ni ki- na taabu, kwa kuwa kusoma kunachosha! Twasema vitabu, ndiyo, lakini Kiarabu ni kitab, mzizi k-t-b, ule ule wa katibu na maktaba. Hiyo ki- ni sehemu ya mzizi; sisi ndio tuliyoisikia kama kiambishi cha ngeli.

Kinachoudhi ni kwamba kamusi nzuri humtaja moros kweli, kwa sababu yaelekea dhana hiyo potofu ya sophos na moros ndiyo iliyoivuta tahajia hadi -more. Waganga wa maneno husoma nusu ya mstari huo, wakafunga kamusi. Ukitaka moros halali, chukua oxymoron: oxys, kali, na moros, butu au mjinga.

Kabla ya kukubali asili yoyote, dai vitu vitatu: tahajia ya kwanza kabisa, mwaka wake, na maelezo ya kila herufi iliyobadilika. Video ya dakika moja yenye mizizi miwili ya Kigiriki haina hata kimoja. Ndiko pia anakotoka yule asemaye university ni unity na diversity, wakati Kilatini universitas kilimaanisha jumuiya nzima ya watu, na vyuo vya kale vilijiita universitas ya walimu na wanafunzi. Hakuna diversity iliyokatwa hapo.