Kwa nini kebo ya baharini haiungwi kwa siku moja

Umeuliza kwa nini EASSy na Seacom, kebo za intaneti zinazopita baharini Afrika Mashariki, zilipokatika Mei 2024 matengenezo yalichukua siku nyingi. Kujua zilipokatika ni kazi ndogo: kituo cha ufukweni hurusha mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizomo kwenye kebo na kupima muda unaotumia kurudi. Siku huliwa na safari ya meli, vibali na bahari kuchafuka. Kwenye kina kirefu kebo haina ulegevu wa kufika juu, kwa hiyo hukatwa kwanza kwa kulabu. Ncha moja huvutwa na kufungiwa boya, kisha ya pili. Huongezwa kipande cha akiba, nyuzi zikiyeyushwa na kuunganishwa moja moja. Hapo msiwaharakishe mafundi: chembe ya vumbi tu huharibu kiungo.