Barua ya maegesho: usimtaje dereva

Pole ndugu yangu. Hiyo barua ya pauni 100 kutoka kampuni ya maegesho si faini ya serikali, ni dai la kibiashara tu. Jibu kama mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, basi. Usiandike "niliegesha", andika "gari liliegeshwa". Huko England, sheria ya mwaka 2012 inawaruhusu kukudai wewe badala ya dereva ikiwa tu wamefuata masharti yake. Unasema hawakubandika karatasi kwenye kioo, na barua ya kwanza imefika baada ya wiki tano. Ilipaswa ikufikie ndani ya siku 14! Shikilia hapo hapo. Wakikataa, na ni wanachama wa BPA (chama cha kampuni za maegesho cha Uingereza), nenda POPLA, chombo huru cha kusikiliza rufaa za maegesho, ni bure. Ila barua ya mahakama usiipuuze.