Krimu inachubua uso, aache?

Dada uliyeuliza kama mdogo wako mwenye ualbino aache krimu ya fluorourasili ya asilimia 5 (dawa ya kupaka ya ngozi iliyoharibiwa na jua na saratani ya juu juu) kisa uso umekuwa mwekundu na unachubuka, mi naona asiache kimya kimya, ampigie kwanza daktari aliyemwandikia. Hiyo dawa ndo inavyofanya kazi, inazuia seli kutengeneza DNA kwa hiyo zile zilizoharibiwa na jua zinakufa, na hata vidoa ambavyo ulikuwa huvioni vinajitokeza. Mjomba wangu hapa Chang'ombe alipaka asubuhi na jioni wiki 3, paji la uso likawa kama kamwagiwa uji wa moto, magamba yanadondoka kwenye kola, shangazi akataka kuitupa tubu 😅 baadae ngozi ikarudi laini kabisa. Ila mdogo wako akitoa usaha, akipata homa au jicho likivimba, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Krimu ni ya vitu vya juu juu tu, ngozi iliyoanza kubadilika au saratani ambayo haijazama ndani. Kinundu kigumu au kidonda kinachovuja damu miezi na miezi usikipakepake, kinakatwa kipande kipimwe na mara nyingi ni upasuaji. Anawe mikono akimaliza kupaka, mjamzito asiiguse, na tubu isiachwe mbwa akailamba, ni sumu kwake. Alafu jua letu hili la Dodoma, kofia pana na mikono mirefu, na aulizie losheni ya Kilisun, inatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya wenye ualbino.