Usiwaulize kama gemu ni nzuri, angalia vidole vyao

Ukimpa Mtanzania simu yenye gemu uliyoitengeneza mwenyewe, jibu lake unalijua kabla hajaigusa: "Hongera sana kaka, iko poa." Hakudanganyi. Amekustahi tu, kwa sababu umekaa naye unamtazama usoni, na kwetu mtu haambiwi kasoro za kazi yake mbele ya macho yake. Tatizo ni kwamba gemu haitengenezeki kwa kustahiana.

Natengeneza gemu ya simu ya bao la kiswahili. Ni kazi ya jioni baada ya ajira, naifanya kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, peke yangu isipokuwa rafiki mmoja anayenichorea. Karibu kila kilicho kizuri ndani yake kimetokana na watu walioicheza ikiwa mbichi. Kwa hiyo nazungumza na wewe mwenye gemu nusu kwenye kompyuta, unayesubiri ikamilike ndipo uionyeshe. Usisubiri. Yangu ilianza kuonyeshwa ikiwa na maduara ya kijivu badala ya mashimo, haina sauti, haina hata jina, na maduara yale yalitosha kunionyesha watu wanakwama wapi.

Mtu akikaa kucheza, usimuulize anaionaje. Mpe simu, mwambie sentensi moja ("jaribu kushinda"), kisha nyamaza. Kunyamaza kwenyewe ndiko kugumu. Atabonyeza pasipobonyezeka, atageuka akutazame, na mdomo utakuwasha. Ukimwambia tu "siyo hilo, shimo lile pale", jaribio limekufa, maana atakayeipakua akiwa Mwanza hatakuwa na wewe ubavuni. Mimi hukaa nyuma kidogo ya bega lake nikiwa na daftari. Naandika kidole kiliposita, kilipogonga mara mbili mfululizo, na aliponyoosha mkono kunirudishia simu. Maswali nayaweka mpaka mwisho, na yanahusu tukio, hayahusu gemu: "Pale ulipoguna, ulitaka itokee nini?" Mtu yuleyule atakayeisifia gemu nzima kwa adabu atakuambia ukweli mtupu kuhusu sekunde moja aliyokereka.

Bao lina faida moja kwa mtu anayetaka kujifunza kupima: wachezaji wake ni wa aina mbili zilizo mbali kabisa. Kuna wazee wa kijiweni Magomeni, ambao bao wanalo kichwani tangu utotoni na wanaweza kukuambia kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hujaanza kusambaza. Halafu kuna vijana ambao maisha yao yote wameliona likichezwa, wakapita. Ubao ni uleule, safu nne, mashimo 32, kete 64. Wanachokiona hakifanani hata kidogo.

Chukua suala la nyumba. Kwa asiyejua, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa kwenye shimo moja liitwalo nyumba, na nyingine 22 anazo mkononi. Katika namua, awamu ya kwanza ambapo bado mnaingiza kete za mkononi, ukila halafu kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, una hiari: usimame hapo, au uzichukue zote usafiri nazo. Utamu mwingi wa namua uko kwenye uamuzi huo, kwa sababu nyumba ikishabomoka haijengwi tena. Kwenye gemu, uamuzi ulikuja kama dirisha dogo katikati ya kioo: "Unasafiri?" na chini yake Ndiyo na Hapana.

Vijana walibonyeza Ndiyo kila mara, hata pale ilipowaharibia mchezo mzima. Simu zimewazoesha hivyo: dirisha likitokea, unabonyeza Ndiyo liondoke. Wazee walikwama kwa sababu nyingine kabisa. Dirisha liliwafunika ubao wakati ambao ndio wanahesabu. Mmoja wao aliinamisha simu kushoto, akaiinamisha kulia, akawa kama anachungulia nyuma ya dirisha. Alicheza mchezo mmoja, akaweka simu mezani akasema, "Nzuri mwanangu, Mungu akuzidishie," akarudi kwenye ubao wake wa mbao. Kama ningekuwa nakusanya maoni kwa karatasi ya maswali, ningeondoka Magomeni na alama za juu.

Kwa hiyo makundi mawili yalikuwa na tabu mbili ambazo hakuna aliyezitamka, na chanzo kilikuwa kimoja: uamuzi wa ubaoni ulikuwa umetolewa nje ya ubao. Toleo lililofuata halikuwa na dirisha. Nyumba yenyewe iling'aa rangi ya dhahabu, uguse usafiri. Lilipowafikia wageni, wakaigusa upesi kuliko hata ile Ndiyo, maana kwenye gemu walizozizoea kitu cha dhahabu kinachong'aa ni zawadi. Toleo la baadaye likawa na kete za nyumba zinazotikisika kidogo tu, na mstari hafifu unaoonyesha zingefika wapi mtu akisafiri. Pembeni pana kitufe cha Simama. Hapo ndipo niliona kijana wa kwanza akishusha pumzi na kufikiri. Matoleo matatu kwa swali moja dogo linaonekana ni jambo la kuchosha, na linachosha kweli, lakini sioni njia ya mkato. Ile dhahabu ilionekana nzuri mno mezani kwangu.

Sasa, wapo wachezaji watakaozungumza, na hao wanahitaji masikio ya aina yake, kwa sababu hawaleti malalamiko, wanaleta dawa. Vijana waliniambia niongeze kasi ya kete. Wazee waliniambia niipunguze. Ukifuata dawa utaishia kuweka sehemu ya kurekebisha kasi kwenye mipangilio, ambako hakuna mtu anayefika. Nilirudi kuwaangalia. Wazee walikuwa wakihesabu kwa midomo kete zinaposambaa, na kasi iliwakatiza hesabu. Vijana hawakujali mwendo wa kete zao wenyewe. Walichoshwa na zamu ndefu za kompyuta. Sasa kete zinakwenda mwendo wa mkono wa mtu, kila moja na mlio wake, na ukikandamiza kidole popote zinakimbia. Mzee hagusi, kijana anakandamiza, na sijasikia tena habari ya kasi. Kwa hiyo mtu akisema panauma, mwamini moja kwa moja. Akikutajia dawa, iandike, kisha umtafute anapougulia.

Wataalamu wa jambo hili ni watu wa Celeste, gemu ya kuruka majabali ambayo Maddy Thorson na Noel Berry waliianza kama jaribio la siku nne kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogondogo, kisha ikakua na kutoka rasmi mwaka 2018. Ndani yake, ukishapita ukingo wa jabali bado unaruhusiwa kuruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hakuna mchezaji angeomba kitu kama hicho. Angelalamika tu kwamba "nilibonyeza, ikakataa!", na gemu imeamua kumwamini. Kwenye bao la simu malalamiko yanayofanana na hayo ni "siyo shimo hilo!", kwa kuwa kidole gumba kinafunika mashimo mawili. Siku hizi shimo linainuka unapoligusa, unatelezesha kidole ukitaka jirani yake, na zamu inachezwa unapoachia.

Ubahili ni muhimu katika kazi hii, na ninamaanisha ubahili wa watu. Mchezaji mgeni ni mgeni mara moja tu. Akishaona somo la kwanza, lile la ndani ya gemu linalomfundisha kucheza, hata likiwa bovu, hawezi kukuambia tena kama linaeleweka, kama vile mpishi aliyeonja mchuzi tangu asubuhi asivyoijua tena chumvi. Usiwamalize marafiki zako wote wiki ya kwanza. Waite wawili au watatu. Wakikwama sehemu moja, simama, rekebisha, ndipo uite wengine. Juu ya ukurasa wa daftari andika swali moja la raundi hiyo. Langu moja lilikuwa: mgeni anaelewa kwamba ukiweza kula ni lazima ule? Mengine utakayoyaona yaandike, lakini usiyaguse kabla swali hilo halijajibiwa. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo na mambo yakawa mazuri, hujui ni kipi kilichosaidia.

Kuhusu takwimu nitakuwa mfupi. Slay the Spire, gemu ya kadi ya Anthony Giovannetti na Casey Yano wa Mega Crit, iliuzwa kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, ikiwa bado inajengwa tangu Novemba 2017 mpaka Januari 2019, ikibadilishwa karibu kila wiki, na wenyewe walitumia data za michezo ya watu kuona kadi ipi inachukuliwa na ipi inashinda. Hades, gemu ya kampuni ya Supergiant, nayo ilipita njia ya kuuzwa mbichi, kuanzia Desemba 2018 hadi Septemba 2020. Ni mifano inayotia hamu, ila data inataka umati. Ukiwa na wachezaji wachache, asilimia zako ni kelele tupu; macho yako yatakuambia zaidi. Mimi nahifadhi kitu kimoja tu: mtu ameacha somo kwenye hatua gani.

Jaribu kwenye simu zao, usijaribu kwenye yako. Kioo kimepasuka pembeni, mwanga umepunguzwa kuokoa chaji, na nafasi imejaa video za harusi. Watu walikuwa wanaikataa gemu kabla ya kuifungua, kwa sababu ya bando na nafasi, kwa hiyo kupunguza uzito wa sauti na picha kulikuja mbele ya kazi nyingine zote. Kwa wanaocheza mbali na mimi kuna kitufe cha Lalamika kinachofungua WhatsApp na kuandika chenyewe aina ya simu na namba ya toleo. Wazo hilo nimelitohoa kwa gemu ya Subnautica: ilipokuwa bado inajengwa, mchezaji wa kompyuta alibonyeza F8 palepale alipo, akachagua uso wa furaha au wa hasira, akaandika neno. Mtu akiwa bado amekasirika ndipo anapoeleza vizuri. Akishatoka kwenye gemu, adabu inamrudia.

Utakapofika Google Play utakutana na sharti lao. Akaunti mpya ya mtu binafsi, ambayo ada yake ni dola 25 mara moja tu, lazima ifanye jaribio la watu walioalikwa tu (wao wanaliita closed test) lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kuitoa gemu kwa umma. Zamani walitaka 20. Yapo magrupu ya kubadilishana wajaribu, wewe unaweka gemu yangu na mimi naweka yako. Yatakuvusha mlango huo, lakini usiyahesabu kama jaribio, kwa kuwa wengi wao hawaifungui. Hizo siku 14 zitumie kwa watu walio mbali, wanaocheza kwenye daladala na kukatizwa na simu ya mama, ujue mchezo wa nusu unawasubiri au unapotea.

Watu huniuliza naacha lini. Naangalia aina ya malalamiko. Mwanzoni yalikuwa ya vitufe, baadaye ya kanuni. Siku hizi wazee wa Magomeni wanadai kompyuta ya ngazi ya juu inaiba, na mmoja amenitumia sauti ndefu ya WhatsApp akisimulia mchezo mzima, shimo kwa shimo, kuthibitisha wizi huo. Nimefuatisha hesabu yake: haijaiba, imemla kihalali kwenye kichwa, shimo la mwisho la safu. Habari za vitufe hakutaja. Kwa hiyo vitufe nimeviacha kama vilivyo, na swali lililo juu ya ukurasa sasa ni kama kijana aliyefungwa na kompyuta jioni ataifungua tena gemu kesho yake.