Maswali ya wasomaji: kicheko na imani katika The Netanyahus

Riwaya hii ya Joshua Cohen (2021) ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2022. Ruben Blum, mwanahistoria wa kodi na mwalimu pekee Myahudi katika chuo kidogo cha kubuni jimboni New York, anatiwa kwenye kamati ya kumsaili Benzion Netanyahu, mwanahistoria wa Kiisraeli anayeomba kazi chuoni hapo, majira ya baridi ya 1959–60.

Je, kitabu kinaidhihaki dini ya Kiyahudi?

Hapana. Tazama anayechekwa ni nani. Blum anaombwa avae kama Baba Krismasi kwenye sherehe ya chuo, kwa kuwa sikukuu si yake. Hakuna anayemtukana, ila kila wanachomwomba kwa adabu kinamkumbusha kwamba si mwenzao. Hata kamati ni hivyo hivyo: yeye anajua kodi, mwombaji anajua Hispania ya kale, na kinachowakutanisha ni Uyahudi tu.

Mbona sioni imani humo?

Imo kwenye historia. Rudi mwanzoni, Blum anapokumbuka masomo ya utotoni. Shule ya kawaida ilimfundisha kwamba Marekani inasonga mbele. Shule ya Kiebrania, kwamba yaliyopita hujirudia na adui hubadili jina tu. Kisha soma hoja ya Netanyahu, ambayo Benzion halisi aliitetea katika kitabu chake kikubwa cha 1995: Wayahudi waliobatizwa Hispania wengi wao walikuwa Wakristo wa kweli, na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, iliwaandama kwa ajili ya damu yao. Ndiyo somo la shule ya Kiebrania, Mungu akiwa ameondolewa. Hapo kichekesho cha Krismasi kinauma: kama ubatizo haukuwaokoa wale, ndevu za pamba zitamfaa nini Blum?

Barua na mhadhara vinatuchosha. Turuke?

Msiruke. Gawanyeni vikao vitatu: nyumbani kwa akina Blum, barua mbili, kisha ziara. Barua zisomwe kwa sauti na watu wawili, moja ikimpigia debe mwombaji, nyingine ikimponda. Vikundi vingi hukwama kwa sababu humaliza muda wote kwenye pua ya Judy, binti wa akina Blum anayetaka ibadilishwe kwa upasuaji, na hoja ya Hispania huwakuta wamechoka.

Watoto wa Netanyahu walikuwa watundu hivyo kweli?

Msiitumie riwaya kama ushahidi. Cohen alianzia kwenye kisa alichosimuliwa na mhakiki wa fasihi Harold Bloom, mengine akayabuni. Lakini Jonathan, yule wa miaka 13, ndiye aliyeuawa Entebbe, Uganda, Julai 1976, katika operesheni ya Israeli ya kuwaokoa mateka, na mdogo wake Benjamin akaja kuwa waziri mkuu wa Israeli. Msomaji anacheka fujo zao sebuleni huku akiyajua hayo, na Cohen anategemea ayajue.